Mistari ya Mikono ya Mama

Jumanne, saa moja na robo asubuhi, mama aliketi kwenye meza yake ya dirishani, akavuta shati la kwanza kati ya saba yaliyokuwa yakimngoja, akashika sindano, na sindano ikamponyoka. Akaiokota. Ikamponyoka tena. Mara ya tatu aliiacha palepale sakafuni, akavaa miwani, akaigeuza mikono yake kwenye mwanga. Haikuwa na mistari. Viganja vilikuwa vitupu kama sahani iliyooshwa, vidole laini mpaka kwenye ncha, na ile sugu ya kidole cha kati, aliyoitumia kusukumia sindano kwa miaka arobaini, haikuwepo.

Binti yake, msoma mita za maji, alikuwa mlangoni akifunga kamba za viatu. Mama akamwonyesha. Binti akakagua kiganja kimoja, akakagua cha pili, akasema huenda ni sabuni. Mama akasema sabuni ni ileile ya siku zote. Basi binti akaenda kazini, maana mita hazijisomi, lakini kutwa nzima moyo wake haukutulia.

Mama hakuwa fundi wa nguo nzima. Alikuwa fundi wa matundu ya vifungo, kwa mkono, na mafundi wa mtaa ule walimletea mashati na makoti yaliyokwisha kushonwa ili awamalizie. Mashine inatoboa tundu, alikuwa akisema, ila kulifundisha likamate kifungo ni kazi ya mkono. Na sindano hukaa kwenye mikunjo ya vidole. Ikikosa pa kukaa, inateleza. Bila mistari yake mama alikuwa amebaki mtu wa kukaa dirishani tu, na kukaa tu hakukuwahi kumfaa hata siku alizokuwa mgonjwa.

Saa kumi jioni, binti akiwa njiani kurudi, aliiona mikono ya mama yake kwenye njia panda ya sokoni. Ilikuwa kwenye bango jipya, kila kidole na urefu wa mtu mzima, ikitia uzi kwenye sindano. Pembeni palichorwa chupa ya losheni, na chini yake pakaandikwa: "Mikono kama haijawahi kufanya kazi."

Picha aliijua, maana aliipiga yeye. Jumapili zake zote aliipa kamera. Alipiga madimbwi, makufuli, viwiko vya watu waliokaa kwenye mabenchi, kisha akaziweka picha mtandaoni kwenye kikundi cha watu wenye ugonjwa kama wake wa kupiga picha. Hakuna aliyeuza kitu humo. Walikuwa na desturi moja tu: picha iwekwe kwa ukubwa wake wote, bila kupunguzwa, ili wenzako wasogee karibu na kujifunza. Haikumpitikia yeyote kati yao kwamba atakayesogea karibu anaweza kuwa na kifutio mkononi.

Kwenye bango kila mstari ulikuwa umefutwa. Binti akasogea mpaka kwenye nguzo, akatazama chini, akaiona mistari. Ilikuwa imelala kwenye vumbi, myembamba, ya rangi ya kahawia, kama vipande vya uzi chini ya meza ya fundi. Akafungua bakuli lake la chakula cha mchana, akalipangusa kwa leso, akaiokota mmojammoja. Muuza vocha aliyekuwa jirani akamwambia kuna mingine imepeperukia mtaroni, akaenda kuiokota na hiyo. Yote ilikuwa ishirini na mitatu.

Mama aliitandaza juu ya kitambaa cheupe, akaitazama kwa muda mrefu.

"Huu ni wa dole gumba," akasema. "Huu nilikuwa nao hata kabla hujazaliwa. Mingine iko wapi?"

Mingine, bila shaka, ilikuwa chini ya mabango mengine, na mabango yalikuwa kila mji.

Binti akaiandikia kampuni ya losheni barua ya adabu, akiomba picha iondolewe au angalau irudishiwe mistari. Wakamjibu baada ya siku nne. Walisema kilichowekwa mtandaoni kimewekwa kwa ajili ya wote, wakamshukuru kwa kuwa mpenzi wa bidhaa zao, wakaambatisha chupa mbili za losheni. Mama alizitumia kwenye bawaba za mlango wa nyuma, na mlango ukaacha kulia.

Usiku wa siku hiyo binti hakula. Mchuma janga hula na wa kwao, wanasema, lakini hapa yeye ndiye aliyechuma na mama akala peke yake. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka, akasema atazifuta picha zake zote na kamera ataigawa.

"Wewe uliipiga kwa sababu uliipenda," mama akamjibu. "Aliyefuta ndiye mwenye kosa. Usimbebee mtu mzigo wake, mwanangu. Kula."

Akala. Kisha akawaandikia wenzake wa kikundi, akaeleza mambo yalivyo. Hakuna aliyemuuliza kama ana homa. Waliuliza tu kama mistari ikunjwe au inyooshwe ndani ya bahasha. Mstaafu mmoja wa posta, bingwa wa kupiga picha za milingoti, akagawa miji kwa majina ya watu, na kufikia Jumamosi watu waliokuwa hawajaonana kwa macho walikuwa wamechutama chini ya mabango kila upande, wakipapasa vumbi. Bahasha zikaanza kuingia. Nyingine zilikuwa na mstari mmoja tu. Nyingine zilikuwa na mistari na nywele za paka, na ikabidi vitenganishwe.

Kazi ya kuirudisha ikamwangukia binti, ambaye hakuwa ameshika sindano tangu mwalimu wa shule ya msingi alipomwambia ana mshono wa mlevi. Alichapisha picha yake ya asili, akaibandika ukutani, kubwa kama mlango. Sasa ukubwa ule uliowaponza ukawafaa, maana kila mstari ulionekana unapoanzia, unapopinda na unapofia. Jioni baada ya jioni mama alinyoosha kiganja juu ya meza, binti akashona, akitazama ukutani baada ya kila kishono kimoja. Haikuuma. Mama alisema inatekenya, akawa anacheka katikati ya kazi na kuharibu mistari.

Mara moja binti aliushona mmoja kichwa chini. Kwa siku mbili mama akawa anaufunga mlango kila alipotaka kuufungua, na chai akaitia chumvi kwa uhakika kabisa. Wakaufumua, wakaugeuza, akapona.

Sugu ilifika ya mwisho, wiki ya tatu, kwenye bahasha ya mstaafu wa posta mwenyewe. Ilikuwa ndogo kama punje ya dengu, na alikuwa ameifunga kwa pamba. Aliandika kwamba aliipata chini ya bango la stendi, imekwama kwenye soli ya kiatu cha askari wa doria, na askari alikubali kukaa chini avue. Binti akaishona kwa vishono sita. Mama akavuta shati la kwanza kati ya yale saba, akashika sindano, na sindano ikakaa. Alishona tundu zima, akakata uzi kwa meno, ndipo akafuta macho kwa mkono wa shati la mteja.

Kampuni haikuliondoa bango. Lilikaa mpaka mkataba wake ulipokwisha, na siku ulipokwisha likabandikwa jingine juu yake, la kampuni nyingine, la dawa ya meno. Mwanamke anacheka, meno yote yamejipanga sawasawa. Asubuhi hiyohiyo kinyozi mmoja wa kikundi, anayeishi mwendo wa siku mbili kwa basi, aliandika kwamba mke wake ameamka hana pengo. Ni pengo la meno ya mbele, alieleza, la kuzaliwa nalo. Ndilo lililomfanya ampose miaka thelathini iliyopita, kwa sababu mke wake hupiga mluzi kwa kupitia hapo, na sasa anapuliza na hakitoki kitu.

Binti alisoma ujumbe ule kwa sauti. Mama akaweka kando koti alilokuwa nalo, akatafuta viatu.

Pale njia panda hakuna kilichoonekana kwa macho, kwa kuwa pengo halina rangi. Binti akazunguka nguzo mara mbili bila kuambulia kitu. Mama akachutama, akapeleka vidole vyake vyenye mistari juu ya vumbi polepole, kama mtu anayetafuta tundu la kifungo gizani, akasimama na kitu kati ya dole gumba na kidole cha shahada.

"Hili hapa," akasema. "Tulia, usikie."

Upepo ulikuwa ukipita barabarani. Pengo la mke wa kinyozi likaupokea, na likapiga mluzi.