Nafasi ya Kupumua

Nimeshona nguo miaka ishirini na mbili, na mdomo wangu nao haujawahi kupumzika. Siku mtoto wa marehemu dada yangu aliponipeleka dukani kuchagua begi la kusafirishia ubao wake wa kuteleza juu ya mawimbi, niligeuza begi la kwanza ndani nje, nikamwambia muuzaji mbele ya wateja kwamba mshono ule hata foronya haushiki. Begi lenyewe halikuwa baya. Lilikuwa na sponji nene na ncha iliyokatwa kufuata ncha ya ubao. Muuzaji alisema kwa upole kwamba begi zuri ni lile linalobana. Nikamcheka, nikamshika binti mkono tukatoka. Nitakushonea mwenyewe, nikamwambia.

Niliulaza ubao kwenye meza ya kukatia, nikaupima kama ninavyopima mtu: kifua, kiuno, nyonga. Kisha nikaongeza vidole vinne kila upande, maana gauni lisilo na nafasi ya kupumua humtesa mvaaji. Binti alikuwa chini, anafungua mapezi ya ubao kwa bisibisi. Akauliza kama hautakuwa unacheza mle ndani.

"Nani fundi hapa?" nikamjibu. Akarudia mapezi yake.

Begi lilitoka bwana! Turubai la kijani, mshono maradufu, mkanda wa bega wenye sponji. Niliringa nalo kwa wateja wiki nzima.

Binti akapanda ndege kwenda kwenye mashindano aliyoyasubiri miaka mitatu. Kesho yake akapiga simu: ubao umefika umevunjika ncha. Aliazima ubao wa mtu, mzito, hajauzoea, akatolewa raundi ya kwanza. Alisema ni wapakiaji wa uwanja wa ndege, wanarusha mizigo ovyo. Niliwalaani wapakiaji wale mpaka sauti ikanikauka.

Aliporudi, nilisubiri aende kuoga, nikautia ubao begini na kulitikisa. Ncha ikagonga huku, ikagonga huku. Nilikaa sakafuni, aibu imenishika hadi masikioni. Ungedhani ningemwambia jioni ile. Sikumwambia. Wiki tatu nilikula naye meza moja, na kila mgeni aliyeingia nilimsimulia habari za wapakiaji, kila mara nikiongeza chumvi.

Ubao ukazibwa, ukapigwa msasa, na safari nyingine ikapatikana. Binti akaniomba nimsindikize dukani kununua begi. Muuzaji alikuwa yule yule. Alinisalimu kwa heshima, akanivutia kiti, na hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana. Binti akamweleza, bila hila yoyote, kwamba begi la kwanza alishonewa na mama yake mdogo, zuri ajabu, ila wapakiaji ndio waliomvunjia ubao. Muuzaji akatikisa kichwa, akasema watu wale hawana huruma.

Nilitazama vidole vyangu. Vinne, vimenyooka gotini.

"Si wapakiaji," nikasema. "Ni mimi. Niliacha nafasi."

Muuzaji akainama kutafuta kitu chini ya kaunta, na sidhani kama kilikuwepo. Binti hakuniangalia. Alikuwa anafungua zipu ya begi jipya na kuifunga.

"Najua, mama mdogo," akasema. "Nilijaza nguo zangu zote mle ndani. Hazikutosha."