Kikombe Kimoja cha Oili

Siku waliyokuja kuichukua pikipiki, walimkuta mjane amekaa juu yake.

Wala hakukaa kiupande kama mtu anayepakiwa. Alikuwa amevaa suruali ya marehemu chini ya gauni, miguu huku na huku, mikono yote miwili kwenye usukani, na futi ya kushonea ikining'inia shingoni maana alikuwa ametoka tu kumpima mteja mabega. Mlangoni mwa kibanda alisimama shemeji yake, na nyuma ya shemeji wapagazi wawili na mkokoteni.

"Shemeji, shuka," alisema mwanamume huyo.

"Nishuke niende wapi? Hapa ni kwangu."

"Tumekuja kuchukua mashine ya kaka."

"Ichukueni. Ila mimi sishuki. Mtakapoipandisha kwenye mkokoteni mnipandishe na mimi, na huko mnakoipeleka mniwekee kitanda."

Mpagazi mmoja alicheka, akajidai anakohoa. "Mimi niliambiwa nabeba pikipiki," alimnong'oneza mwenzake, "habari ya mama wa watu sikuambiwa."

Shemeji huyo mtaani walimwita Bwana Najua. Ukimwambia mvua inakuja, anajua. Ukimwambia paa lake linavuja, anajua, na linaendelea kuvuja. Yeye ndiye aliyebaki mkubwa wa familia baada ya kaka yake kufa, na ukubwa huo aliubeba kama mtu aliyevishwa koti jipya: kila saa anajitazama.

Marehemu alikuwa mkaguzi wa bomba la maji. Pikipiki ile aliinunua ikiwa tayari imetumika, pikipiki ya njia za porini, ndefu ya miguu kama korongo, matairi yenye meno, ekzosi imepita juu ubavuni ili isilowe kwenye vijito. Miaka kumi na minane ilimpandisha mlimani hadi kwenye tanki kubwa la maji na kumrudisha salama. Alipoanza kuugua akaiweka kibandani, na humo ikakaa miaka minne, kuku wakitagia juu ya kiti. Baada ya mazishi ndugu walikuja. Wakachukua redio, wakachukua koti la mvua, wakachukua na buti ambazo hazikumtosha yeyote. Pikipiki Bwana Najua aliipiga teke tairi, akasema, "Chuma chakavu," akaenda zake.

Mjane siku ile aliwatazama tu wakiondoka. Alikuwa mtu wa kutazama kwanza.

Kisha akaanza kazi. Kila siku, baada ya sala ya asubuhi na kabla ya kufungua cherehani, alikuwa na saa moja na pikipiki. Tanki lilikuwa na kutu ndani. Alilitia kokoto na sabuni, akalitikisa kama anayemlaza mtoto mwenye kilo ishirini, siku tatu, hadi maji yakatoka meupe. Kabureta ilikuwa imeziba kwa petroli iliyoganda. Vitundu vyake alivizibua kwa sindano nyembamba kuliko zote alizokuwa nazo, ile ya kushonea hariri. Gasketi za injini hazikupatikana dukani, akazikata mwenyewe. Alilaza chuma juu ya karatasi nene ya kuchorea mitindo ya nguo, akapitisha penseli pembeni, akakata kwa mkasi wake. Aliyekata kola za mashati miaka ishirini hashindwi na tundu la boliti.

Fundi wa gereji ya jirani, waliyemwita Grisi kwa sababu mikono yake haikuwa na rangi nyingine, alizigeuza zile gasketi mara mbili mbili.

"Mama, nani kakuchongea hizi?"

"Aliyekukatia hiyo ovaroli."

Alipouelewa mzaha huo, Grisi akajitolea kuja jioni jioni kumsaidia kwenye vile vinavyotaka nguvu. Mwezi wa kumi wa kazi hiyo, pikipiki ilipigwa kiki ya thelathini na moja, ikakohoa, ikatema moshi wa samawati na sauti yake ile ya kukatakata ikasikika mpaka barabarani. Mjane alijifunika uso kwa kanga akalia kidogo, kisha akaizima maana inakula petroli.

Wiki iliyofuata Bwana Najua akatokea na mkokoteni. Ilipokuwa na kutu haikuwa na ndugu. Ilipokohoa tu, ukoo ukajaa mlangoni.

"Mwanamke ataifanyia nini?" aliuliza. "Hii ni mali ya wanaume wa nyumba yetu. Tena tazama, unavaa suruali ya marehemu! Watu wa ibada wanakusema."

"Wamekuja kuniambia wenyewe. Nikawaambia nimeishia darasa la saba lakini kusoma nasoma. Kwenye maandiko nimewaona wajane walioonewa. Mjane aliyekatazwa kupanda mlima sijamwona bado."

Kelele zilimtoa mama mkwe chumba cha nyuma, alikokuwa akiishi na mkwewe tangu mwanawe augue. Alikuja taratibu na fimbo yake, akawatazama wote, akautazama na mkokoteni ule mmoja kana kwamba ni mia.

"Mwanangu aliinunua ipande mlima," alisema. "Hakuinunua ibebwe. Jumamosi asubuhi, atakayeipandisha mpaka kwenye tanki la maji bila kuteremka njiani, basi ni yake. Na nisisikie tena neno hapa kwangu."

"Mama, mimi ndiye mkubwa, nitatangulia," alisema Bwana Najua.

"Tangulia."

Jumamosi majirani walijaa chini ya mlima, penye njia ya bomba. Tanki la pikipiki lilikuwa tupu. Marehemu alizoea kulikausha kila ikilala, na mkewe naye hakuacha desturi hiyo. Alikuja na petroli yake, chupa ya oili, na kikombe cha bati chenye mkwaruzo wa msumari ndani. Injini ile ya zamani haina mahali pake pa kuwekea oili. Inalainishwa na oili iliyochanganywa humo humo kwenye petroli: kikombe kimoja hadi kwenye mkwaruzo, kwa lita tano. Miaka kumi na minane mchanganyiko ule aliutengeneza yeye, mumewe akiwa anafunga buti.

Lakini alipofika alimkuta shemeji ameshafungua tanki, anamimina petroli kutoka dumu lake mwenyewe. Petroli tupu.

Hapo mjane alisimama. Moyoni alielewa mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, shemeji hafiki juu. La pili, akinyamaza, hakuna atakayemlaumu. Ilikuwa rahisi mno. Akasema kimoyomoyo, Mungu wangu, usinijaribu kwa kitu kirahisi hivi, kisha akafungua mdomo.

"Shemeji, hiyo haijachanganywa. Subiri nitie oili."

"Oili inakaa kwenye injini, shemeji. Nimeendesha pikipiki kabla hujajua kutunga uzi."

"Za lami, shemeji. Hii si ya hivyo. Injini itakamata, pistoni ikwame."

"Najua."

"Mama," mjane alimgeukia mama mkwe, "mwambie. Atauua mtambo."

"Mwanangu, msikilize mwenzio."

"Mama, najua, najua! Anataka kunichelewesha jua liwe kali."

Mjane aliweka mguu juu ya kiki ili shemeji asiipige. Watu wakacheka, mmoja akapaza sauti, "Mama, mwachie mwenzio naye apande!" Aliwatazama, akamtazama shemeji. Alikuwa amesema mara tatu, mbele ya mashahidi, na kikombe mkononi. Akauondoa mguu.

Bwana Najua aliondoka vizuri, hilo halikatazwi kusemwa. Alipita kona ya kwanza, akapita penye mawe, moshi hauonekani kabisa, na watu wakapiga makofi. Mjane hakuutazama mlima. Alisikiliza. Sauti ilianza kupanda juu, kavu, kama cherehani iliyonyimwa mafuta, kisha ikakatika kama uzi. Gurudumu la nyuma lilikwama, likachora mstari mmoja mrefu kwenye vumbi, na mwenye ukubwa wake akaingia kichakani miguu juu.

Aliteremka akiisukuma, kiwiko kimechubuka na majani kichwani. Hakuna aliyethubutu kumwambia juu ya yale majani.

"Chuma chakavu!" alifoka. "Nilisema tangu mwanzo. Mwachieni takataka yake. Mimi siitaki, na wanangu hawaitaki!"

"Shemeji," alisema mjane kwa upole, "rudia. Mama hakusikia vizuri."

Mama mkwe, ambaye humsikia paka akiwaza, aliweka kiganja sikioni. "Eeh? Umesemaje?"

"NIMESEMA SIITAKI! NI YAKE!"

"Haya," alisema bibi. "Sasa nimesikia. Na wale kule nyuma pia wamesikia?"

Walikuwa wamesikia.

Njiani kurudi, mjane na Grisi wakisukuma, mama mkwe alisema, "Zamani tuliambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu mwanangu hakusikia la mdogo, kavunja cha marehemu." Mjane alimwomba Mungu amwondolee ile furaha aliyokuwa nayo, lakini hakuomba kwa nguvu sana.

Furaha iliisha walipofungua injini. Pistoni ilikuwa imekwaruzwa ubavu mzima, na ukuta wa silinda ulikuwa kama ubao uliochezewa na paka. Grisi alifuta mikono, akakaa juu ya ndoo.

"Mama, tuache. Sasa hivi hizi hata akina baba wameshazitupa."

"Kwani mimi ni akina baba?"

"Silinda lazima ichongwe ipanuke, kisha tupate pistoni kubwa kidogo kuliko hii. Nani anazo?"

"Sijui. Ndiyo maana tutatafuta."

Silinda ikaenda karakana ya kuchonga vyuma. Pistoni ilitafutwa wiki sita. Waliletewa ya jenereta, ikakataa. Waliletewa ya mashine ya kusukuma maji, nayo ikakataa. Mjane alikwenda na futi yake mwenyewe, akipima mzingo kama anayepima kiuno cha bwana harusi, na wauza vipuri wakazoea kumwona. Ya wiki ya sita iliingia. Akakata gasketi mpya, akamwambia Grisi akaze boliti taratibu, moja na ya kinyume chake, vile mtu anavyobana pini pande zote za pindo lisije likavutana.

Jumamosi nyingine, basi. Hakumwita mtu, ila sauti ile ilimwita kila mtu, na wa kwanza kufika alikuwa Bwana Najua. Akamvuta pembeni.

"Shemeji, yale maneno nilisema kwa hasira."

"Na mimi nimeitengeneza kwa hasira. Sogea kidogo, unakanyaga kofia yangu."

Alimimina lita tano. Akajaza kikombe hadi kwenye mkwaruzo, akakiinua juu watu wote wakione, akamimina na kutikisa. Kiki ya tatu ikawaka. Akasema sala fupi, ile ya safari, akatia gia ya kwanza.

Moshi wa samawati ulimfuata. Penye mawe alisimama juu ya vikanyagio kama alivyomwona mumewe akifanya, magoti yamelegea, akaiacha pikipiki icheze chini yake bila kugombana nayo. Kwenye kona ya pili gurudumu la mbele lilikwenda lilikotaka. Pale shemeji alipochora ule mstari wake, mkono ulitaka kuachia. "Hushuki," alijiambia kwa sauti. "Hapa ni kwako." Mkono ukakaza.

Juu kwenye tanki la maji alizima. Kimya kilikuwa kikubwa. Alitoa ufunguo wa plagi mfukoni mwa suruali, akaifungua plagi kwa kitambaa maana ilikuwa ya moto, akaitazama ncha yake juani: rangi ya kahawia, kama chai iliyoiva. Marehemu alikuwa akisema hivyo ndivyo injini inavyosema asante. Akairudisha, akafuta mikono kwenye gauni, akaona doa, akaliacha.

Alipoteremka watu walimpisha. Mama mkwe alikuwa ameketi juu ya dumu, fimbo mapajani, anamtabasamia mtu yeyote anayemtazama. Bwana Najua alisogea, akainama kana kwamba anakagua cheni.

"Hivi, shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "oili ile huwa vikombe vingapi?"

Mjane alivuta kofia, akajipangusa vumbi usoni.

"Si unajua?" alisema, akatia gia. Alikuwa na kola mbili za kumaliza kabla ya saa sita.