Ugoro Hauna Moshi

Mihayo alikuwa ameacha sigara, na mtaa mzima wa Igogo ulijua, maana alizitupa chooni mbele ya mkewe Dorotea na mzee wa kanisa. Kanisani kwao mtu wa tumbaku habatizwi, na Dorotea alikuwa ameapa kwamba ziwani wataingia wote wawili au hataingia mtu. Miaka ikapita akimngoja.

Lakini mwili una ubishi wake. Kule kwenye kiwanda cha samaki alikofanya kazi, akichuna minofu ya sangara inayopelekwa Ulaya, vidole vilianza kutetemeka, kisu kikawa kinacheza. Ndipo bibi Ng'washi wa Mabatini, muuza ugoro, alipomnong'oneza, "Onja huu, mjukuu wangu. Hauna moshi."

Hauna moshi! Mihayo akaling'ang'ania neno hilo kama kupe. Aliahidi kutovuta, naye havuti; anaubwia tu, nyuma ya mdomo wa chini. Karuka mkojo, kakanyaga kinyesi, na bado anatembea kwa maringo. Asubuhi kichwa kilikuwa chepesi, ukungu wa ziwa ukamwingia mpaka machoni, mawe makubwa ya mlimani yakaonekana yanapumua, na dunia ikawa tamu.

Siku ya ubatizo alikuwa ndotoni vivyo hivyo. Maji yalimfika kiunoni, na nyimbo za kwaya zilimjia taratibu, zimelowa. Dorotea alikuwa kando yake, amemshika mkono kwa furaha.

"Ndugu Mihayo," mchungaji akauliza, "umeachana na tumbaku?"

Jibu alikuwa nalo tayari: havuti. Ila Dorotea alimgeukia na uso ulioamini kila kitu, na Mihayo akaona aibu ambayo hajawahi kuiona.

"Bado, mchungaji. Hata sasa imo mdomoni." Akautema ugoro kiganjani, wakauona.

Dorotea akauachia mkono wake.

"Mimi niko tayari," akamwambia mchungaji, akazamishwa.

Maji yalijifunga juu yake, na Mihayo akahisi yuko peke yake duniani. Dorotea alipoibuka, macho yake yalimtafuta mumewe kwanza.

"Nimechoka kukungoja, Baba Rebeka," akasema kwa upole. "Lakini mume wangu ni wewe. Twende nyumbani."

Mihayo akalia waziwazi. Alimpenda mwanamke huyu kupita kiasi. Na ulimi wake, bila kumwomba ruhusa, ulikuwa umeshaanza kupapasa nyuma ya mdomo wa chini, unatafuta.