Shaba Katika Maziwa ya Domitille

Domitille aliirudia nchi yake mwenyewe kwa mlango wa nyuma. Mwaka ule Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi, mumewe Kasereka alimvusha mpaka wa kwanza, akamkabidhi kwa madereva wa kwao Butembo waliokuwa wakishuka kusini, kisha yeye akarudi kuokoa vitambaa vilivyobaki ghalani. Mipaka minne Domitille aliivuka katika malori ya watu, tumbo likiwa la miezi minane, na wa mwisho ulikuwa Kasumbalesa, mlango wa kurudi Kongo kutoka Zambia, ambako foleni ya magari ilimkalisha siku mbili kwenye vumbi. Alipofika Lubumbashi miguu ilikuwa imevimba hata viatu vikamkataa.

Alipata chumba Ruashi, mtaa wa jirani na mgodi wa shaba, kwenye kiwanja cha mjane mmoja aitwaye Mama Chola, mtu wa maneno machache na mkono mwepesi wa kusaidia. Humo, wiki tatu baadaye, alijifungua mtoto wa kike. Akamwita Plamedi, na jina la pili Masika, kwa kuwa kwa Wanande, watu wa kwao, binti wa kwanza hana haja ya kutafutiwa jina, linamngoja.

Mtoto alinyonya kama mwenye haraka ya kwenda mahali. Jambo hilo lilimfariji Domitille kuliko sala zote alizosali njiani. Nyumba waliiacha, duka waliliacha, cherehani yake alisikia kwa watu kwamba ilionekana ikipita barabarani kichwani mwa askari. Lakini maziwa hayakubaki Goma. Alikuja nayo, na kila alipomweka mtoto kifuani alijiona bado ni tajiri wa kitu kimoja.

Kiangazi kilipoingia, vumbi la Ruashi likaanza kutua juu ya kila kitu, juu ya nguo kambani, juu ya ukingo wa sufuria. Na pamoja na vumbi yakaja maneno. Bombani, wanawake walisema kuna vyuma ardhini na hewani, kwamba vinaingia mwilini mwa mtu asijue. Domitille alisikiliza, akaenda zake. Mtu aliyekimbia mabomu haogopi vumbi upesi.

Ndipo siku moja akaja Laurentine. Alikuwa fundi wa maabara moja mjini, mama wa miaka hamsini hivi, miwani imefungwa uzi mweusi. Babu yake aliletwa kutoka Kongolo kufanya kazi ya reli, na yeye alisema hivyo kwa kila aliyemuuliza, kama mtu anayeonyesha kitambulisho. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba akiomba maziwa ya kina mama wanaonyonyesha.

"Kidogo tu, mama, ya kujaza kachupa haka," alisema. "Tunapima shaba, kobalti, zinki, chuma. Tena tunatafuta kujua protini gani ya mu maziwa njo inabeba kila kimoja."

"Kumbe mu maziwa yangu muko vyuma?" Domitille aliuliza.

"Mu maziwa ya kila mama biko. Mutoto anabihitaji. Shida ni kama bimepita kipimo."

Domitille alikubali. Laurentine alimwachia kichupa chenye kizibo cha buluu, akamweleza namna ya kukijaza, akaahidi kwamba mwenzake atakipitia kesho yake asubuhi. Kikachukuliwa, na Domitille akasahau.

Baada ya wiki mbili simu ikaita. Sauti haikuwa ya Laurentine, ilikuwa ya kijana wa ofisini, yenye haraka.

"Mama Plamedi? Ni hapa ku labo. Maziwa yako iko na shaba mingi, inapita ya kawaida zaidi ya mara makumi mbili. Simamisha kwanza kunyonyesha mutoto. Tutakuita."

Akakata. Domitille alibaki na simu sikioni, mtoto akiwa bado ana chuchu mdomoni. Alimtazama akimeza, mara moja, mara mbili, halafu akaingiza kidole kwenye pembe ya kile kinywa kidogo na kumwondoa. Alijiona kama anamnyang'anya mtu mali yake.

Jioni hiyo hiyo alimpata Kasereka kwenye simu. Alikuwa amefika Butembo, yuko kwa nduguze, na mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka.

"Usimupe tena," Kasereka alisema. "Sikia, Domitille. Vyote vimeenda. Huyu asiende."

Zikaanza siku ambazo Domitille hakupenda kuzikumbuka baadaye. Mama Chola alichemsha maji, wakakoroga maziwa ya kopo, wakamnywesha mtoto kwa kijiko. Plamedi aliyatema. Alilia mpaka sauti ikakauka, akageuza kichwa akitafuta kifua alichokijua kwa harufu, na mama yake akampa mgongo ili asisikie harufu hiyo. Matiti yalijaa yakawa magumu kama mawe, homa ikampanda. Alikuwa akienda nyuma ya choo, anayakamua maziwa yanamwagika kwenye udongo mwekundu, naye analia kimya kimya. Siku ya tatu mtoto alikubali kopo kwa njaa. Siku ya nne akaanza kuhara.

"Miye nilinyonyesha batoto sita hapa hapa Ruashi," Mama Chola alisema, akiwa amekaa kizingitini. "Sita. Bote bazima. Lakini sikusoma, siwezi kusema na bantu ba mashine."

"Na kama mashine inasema kweli, mama?"

Mama Chola aliinuka akaenda kuchemsha maji mengine. Hilo lilimtisha Domitille zaidi.

Siku ya sita, alipompapasa mtoto kichwani, aliona utosi umebonyea kidogo. Hakungoja kuitwa. Alimfunga mgongoni, akapanda basi la kwenda mjini.

Laurentine alikuwa mlangoni mwa maabara, begi bado begani. Ndiyo kwanza alikuwa anarudi kutoka Kolwezi kwenye kazi hiyo hiyo ya kukusanya maziwa. Alimtambua Domitille, akatabasamu, kisha akauona uso wa mtoto na tabasamu likaondoka.

"Huyu mutoto iko na nini?"

Domitille alimweleza yote akiwa amesimama, toka simu mpaka utosi. Laurentine aliposikia habari ya simu alivua miwani.

"Nani alikuita? Kile kipimo sikukihakikisha mie mwenyewe. Hakikupashwa kutoka humu ndani." Alimshika mkono. "Kwanza mutoto. Zahanati iko ng'ambo ya uwanja. Enda, sema Laurentine amekutuma. Halafu urudi, usikawie."

Muuguzi alimpima Plamedi, akamnywesha maji ya chumvi ya kuhara kidogo kidogo, akasema ameletwa kwa wakati. Domitille aliporudi, Laurentine alikuwa ameketi mbele ya daftari kubwa, kidole juu ya mstari mmoja.

"Keti, Mama Plamedi. Angalia, nitakuonyesha kintu." Alichukua bomba dogo la plastiki lenye maziwa ya mtu mwingine. "Maziwa tunaizungusha mu mashine mbio sana. Protini zinajitenga, maji inabaki peke yake. Vyuma bya mu mwili wa mama havitembei ovyo. Shaba inabebwa na protini, chuma iko na yake, zinki vilevile. Ni kama mutoto anavyokuja, amebebwa mugongoni, hakuji peke yake ku barabara."

"Ee."

"Sasa ya kwako. Shaba iliyo ku protini ni ya kawaida, sawa na ya bengine. Ile mingi yote iko mu maji, haina mwenye kuibeba. Shaba ya namna ile haitoki mu mwili, mama. Imeingia maziwa yakiisha kutoka. Nambie polepole: uliyakamua wapi?"

Domitille alifikiri. Kichupa kilikuwa na mdomo mwembamba, maziwa yalikuwa yakimwagika nje. Akaazima kikombe kwa Mama Chola, akakamulia humo jioni, akakifunika kwa kitambaa mpaka asubuhi, kisha akamimina kichupani mtu wa maabara alipofika.

"Kikombe cha nini?"

"Kile chekundu. Cha kugongwa na nyundo, wanachouza mafundi wa mjini."

Laurentine aliweka kalamu chini.

"Cha shaba."

"Cha shaba," Domitille alirudia.

"Na maziwa yalilala humo usiku muzima, yakaanza kuchacha, yakala kikombe." Laurentine alipumua kwa nguvu. "Mutoto amekunywa mu kile kikombe?"

"Hata siku moja. Kijiko na glasi tu."

"Aksanti Mungu. Kosa ni letu sisi, hatukukuambia neno la chombo. Lakini mie siwezi kukutuma nyumbani na maneno ya kinywa. Tunapima tena, sasa hivi, mbele ya macho yako."

Alimwosha mwenyewe kifua kwa maji safi ya maabara, akayamwaga matone ya kwanza, akakinga yaliyofuata katika bomba la plastiki jipya. Yalikuwa machache. Siku sita zilikuwa zimeanza kuyakausha, na Domitille aliona aibu kama mwenye kisima anayewapa wageni matope.

"Yatarudi," Laurentine alisema bila kuinua kichwa. "Mutoto njo anayarudisha."

Umeme ukakatika kazi ikiwa katikati. Wakakaa saa mbili wakingoja, Laurentine akinung'unika juu ya jenereta, Domitille akihesabu pumzi za mwanawe mapajani. Umeme uliporudi, mashine ilivuma. Saa tisa alasiri Laurentine alitoka akiwa na karatasi mkononi, na kabla hajasema lolote Domitille alikwisha kusoma habari kwenye mabega yake, jinsi yalivyoshuka kama ya mtu aliyetua mzigo.

"Shaba ni ya kawaida. Zinki muzuri. Kobalti ni kidogo sana, mashine inaiona kwa shida." Akakaa karibu naye kwenye benchi. "Sisemi vumbi ya Ruashi ni muzuri, usinisikie vibaya. Ufagie na maji, unawe mikono na kifua mbele ya kunyonyesha. Lakini haya maziwa, mama, ni dawa. Umupe mutoto."

Domitille alifungua blauzi pale pale kwenye korido, watu wakipita. Plamedi alikigusa kifua kwa midomo, akakiacha, akaguta kwa hasira kama mtu aliyesahauliwa siku sita na sasa anaombwa msamaha kirahisi. Mama yake akamwimbia kidogo kwa Kinande. Mtoto akajaribu tena, akashika, akavuta. Kwa muda hapakuja kitu. Kisha Domitille alihisi ule mchomo anaoujua, kama sindano nyingi za moto wa heri, na koo la mtoto likaanza kufanya kazi.

Machozi yalimtoka, na safari hii hakuyaficha. Alitoa simu, akampigia Kasereka, na mtandao, kwa ajabu, ukakubali.

"Domitille? Kuna nini? Sema!"

"Nyamaza, sikiliza," alisema, akaisogeza simu karibu na mdomo wa mtoto.

Mtu mzima wa kiume, huko mbali Butembo, alikuwa akimsikiliza mwanawe ambaye hajamwona akimeza maziwa. Baada ya muda Domitille alimsikia akicheka na kulia kwa pamoja, akimwita mtu wa nyumba ile aje naye asikie.

Simu ilipokatika, Domitille aliegemea ukuta kufumba macho kidogo tu. Hakuwa amelala usingizi wa maana tangu Goma. Laurentine alipopita tena na sanduku lake la vichupa, alimkuta mama na mtoto wamelala wote wawili, midomo wazi, tone la maziwa shavuni mwa Plamedi. Alivua koti lake jeupe, akawafunika miguu. Kisha akarudi ndani, kwa kijana wa ofisini aliyepiga ile simu, na mlango ukafungwa taratibu.