Daraja la Saa za Kazi

Siku dirisha la maombi ya vyuo vikuu lilipofunguliwa, Rula alifika steshenari ya jirani na soko saa moja na nusu asubuhi, akakuta watu wanne wamemtangulia. Alikaa kwenye benchi, cheti chake cha mtihani kikiwa ndani ya bahasha ya plastiki aliyoikumbatia kama mtoto mchanga, mpaka zamu yake ikafika. Jina la Rula alipewa na mjomba wake akiwa darasa la tano, kwa tabia yake ya kupima kila kitu kabla ya kukiamini, hata mkate.

Karani wa steshenari alivijua vyuo vyote nchini bila kuwahi kukanyaga hata kimoja. Alimfungulia fomu kwenye kompyuta, akavuta kiti.

"Nafasi ni tano," alisema. "Ya kwanza ndiyo roho yako. Zilizobaki ni za kujikinga."

Rula alianza na za kujikinga. Uuguzi katika chuo cha karibu, kama mama yake alivyotaka. Ualimu wa hisabati. Uuguzi tena, na tena. Alipofika kwenye nafasi ya kwanza, kidole kiligoma juu ya kitufe.

"Una alama za uhandisi wewe," karani alisema akichungulia cheti. "Wenzako wanazililia hizi."

"Uhandisi upi sasa?"

"Hapo ndipo penyewe. Kuna umeme, kuna mitambo, kuna ujenzi. Na chuo nacho ukitazame. Kile cha mbali ni kikongwe, mabweni yanavuja, lakini mwaka wa kwanza tu wanakuvalisha buti ukapime barabara juani. Hiki cha karibu ni kipya, vioo vitupu, ila maabara imefungwa tangu ifunguliwe. Wanatafuta ufunguo."

"Mama anasema uuguzi. Anasema muuguzi halali njaa."

"Mama hajakosea. Hifadhi, ukafikirie. Dirisha linafungwa baada ya mwezi."

Aliposema hivyo, mteja mmoja aliingia kununua kalamu, akawaambia kwamba daraja limefika.

Daraja hilo lilikuwa likisubiriwa kwa miaka mitatu. Mtaa wa akina Rula ulikuwa upande huu wa mto pamoja na soko na zahanati. Hospitali, stendi na ofisi zote zilikuwa ng'ambo. Kiangazi watu walivuka kwa miguu. Masika mto ulijaa, na mwenye shida ng'ambo alizunguka njia ya milimani, safari ya nusu siku. Miaka mitatu nyuma, mhandisi wa idara ya barabara alitia saini kwamba daraja limekamilika. Mkuu wake akatia saini chini yake, na mkuu wa mkuu wake chini zaidi. Mgeni rasmi alilizindua ukumbini kwa kukata utepe uliofungwa kati ya viti viwili. Mtoni halikuwekwa hata jiwe.

Sasa lilikuwa limekuja. Rula alilikuta limetanda toka ukingo hadi ukingo, vyuma vyake vimepakwa rangi ya kijani, sakafu yake ya zege imenyooka kama kitanda kilichotandikwa na askari. Wanawake wenye vikapu walikuwa wanavuka wakisimuliana habari zao. Muuza mayai alikuwa ameshapata kona yake. Rula aliweka kiganja kwenye chuma. Kilikuwa baridi, ingawa jua lilikuwa limeshapanda, na ndani yake kilitetemeka kidogo, kama shavu la mtu anayezuia kicheko. Alisimama hapo muda mrefu. Hakuwahi kuona kitu kikubwa namna ile kikisimama juu ya maji bila kujisifu.

Mjomba wake, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa amepiga goti akikagua maungio.

"Kazi safi hii," alisema. "Lingekuwepo, ningelisifu."

"Si lipo, mjomba?"

"Lipo kwenye jalada. Wakifungua ofisi, nalo linafunguka. Subiri saa ya chakula uone."

Ikawa hivyo. Saa sita na nusu, wenye ofisi walipotoka kwenda kula, daraja liliondoka. Saa saba na nusu lilirudi. Saa tisa na nusu, mlinzi alipofunga geti la idara kule ng'ambo, liliondoka tena mpaka kesho yake. Kwa siku mbili watu walijifunza utaratibu huo kama wanavyojifunza ratiba ya maji ya bomba. Aliyechelewa kuujua ni dereva wa gari la mikate, ambaye saa ya chakula ilimkuta katikati. Aliogelea hadi ukingoni akitukana, na mikate ikaelea kuteremka na mto, watoto wakaifuata mbio.

Rula aliazima tepu ya kupimia ya mjomba wake, akanunua daftari la mistari. Kila asubuhi alifika darajani kabla halijafika. Alipima upana, unene wa sakafu, kimo cha boriti, nafasi kati ya nati na nati, akaandika vyote. Kazi ilikuwa ya polepole. Siku ya kwanza alimaliza mita sita tu. Jioni hiyo, saa tisa na nusu ilipofika, daraja zima liliondoka isipokuwa mita zile sita. Zilibaki zikining'inia kutoka ukingoni kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, kisha nazo zikaondoka. Kesho yake alipima mita nyingine nne, na mita kumi zikabaki.

"Kinachokaa ni kilichopimwa," alimwambia mama yake wakiosha vyombo.

Mama yake alikuwa mkunga wa zahanati. Alikuwa amepokea watoto wengi kuliko wanafunzi wa shule ya mtaani, na hakuwa mtu wa maneno mengi. "Fomu umejaza?"

"Bado nafasi moja."

"Mwanangu, mimi sikukatazi. Lakini nimewaona wahandisi. Wanakuja na kofia ngumu, wanaonyesha kidole, wanapanda gari. Muuguzi yuko pale mtu anapolia. Hilo ndilo ninalolijua mimi."

Rula alisuuza sufuria mara mbili.

Katikati ya wiki ya pili alikuwa amefikisha mita thelathini na moja. Daraja lote, kwa hesabu yake ya macho, lilikuwa kama arobaini na sita. Alasiri hiyo mvua ilikuwa imenyesha milimani na mto ukawa wa rangi ya udongo, unabeba magogo. Saa tisa na dakika kumi, mama yake alimpigia simu mjomba. Mke wa fundi saa alikuwa zahanati tangu asubuhi, na mtoto alikuwa ametanguliza mkono.

"Huyu ni wa kupasuliwa," mama alisema. "Hapa sina kisu wala damu. Lete wanaume watatu."

Wanaume wanne, mjomba akiwa mmojawao, walimbeba kwenye machela. Mama alitembea ubavuni akiwa amemshika mgonjwa mkono. Rula alikuwa mtoni na daftari lake, akawaona wakiteremka, akaelewa bila kuambiwa, akawatangulia. Walipokanyaga daraja ilikuwa saa tisa na dakika ishirini na nane. Walikwenda mwendo wa kukimbia usio wa kukimbia, ule wa watu waliobeba kitu kisichotakiwa kumwagika. Walipofika karibu na mita ya thelathini, mlinzi kule ng'ambo alifunga geti la idara, na daraja likaanza kuondoka.

Mbele yao zege ilikwenda ikififia kama chai inayozidishiwa maji. Kwanza ilikuwa ya kijivu hafifu, kisha kama kioo, na chini yake mto ulionekana ukipita na magogo yake. Wabebaji walisimama.

"Turudi," mmoja alisema.

"Nyuma hakuna hospitali," mama alijibu.

Rula alipiga magoti pale zege nzito ilipoishia. Alitupa ncha ya tepu toka ukingo huu wa sakafu hadi ule.

"Upana, mita tatu na sentimita ishirini!"

Mama alichomoa daftari kwapani mwa Rula, akatoa kwenye mfuko wa sare ile kalamu anayoandikia vizazi, akaandika. Mbele ya magoti ya Rula zege ilijaa, ikawa nzito, ikatoa hata vumbi. Mita moja. Machela ikasogea mita moja.

"Sema kingine!"

"Unene, sentimita ishirini na mbili! Nati nane kwa kiungo!"

Mama aliandika akitembea, mkono mmoja kwa mgonjwa. Mita nyingine. Rula alitambaa mbele, akapima, akatamka. Kila nambari iliyomtoka aliihisi inavyokwenda kukaa mahali pake, na mahali pale panavyokubali. Alikuwa amezifanyia nambari mitihani miaka yote hiyo. Hakuwa amejua kwamba mtu anaweza kusimama juu ya nambari.

"Usikosee, mwanangu," mjomba alisema akihema. "Hapa tuko saba, na mmoja yuko njiani."

Mita ya arobaini na nne alikosea. Jasho lilikuwa limemwingia machoni, akasoma mita tatu na kumi na mbili. Mama aliandika alichosikia, na kwenye ukingo wa sakafu ufa wa sentimita nane ukafunguka palepale. Kandambili ya mjomba ikapita, ikaenda na maji.

"Futa!" Rula alipiga kelele. "Ishirini! Tatu na ishirini!"

Mama akafuta, akaandika upya. Ufa ukajifunga. Mgonjwa, aliyekuwa amefumba macho muda wote, aliuliza kama wamefika. Mama akamwambia bado mita mbili, na sauti yake ilikuwa ileile anayotumia kuwaambia watu wasukume.

Walifika. Mtoto alizaliwa saa kumi na robo kwa kupasuliwa, msichana, mwenye sauti. Daraja lilibaki zima, likiwa tupu, kwa karibu nusu saa. Rula alikaa ukingoni akilitazama hadi mita ya mwisho ilipoondoka. Magoti yake yalikuwa yamechunika, na kwenye daftari mwandiko wake ulifuatwa na mwandiko wa mama yake, kurasa mbili nzima.

Asubuhi iliyofuata mama aliiandikia idara barua. Alieleza kwamba daraja lililotiwa saini halipo baada ya saa za kazi, na kwamba watoto hawazaliwi kwa saa za kazi. Majibu yalikuja upesi kuliko kawaida. Wiki iliyofuata, saa nne asubuhi, mkaguzi na wenzake wawili walisimama katikati ya daraja. Mkaguzi aliligonga kwa kisigino.

"Mama, daraja si hili?"

"Njooni saa kumi."

"Saa kumi hatuko kazini," mkaguzi alisema kwa upole. Alikuwa mtu mpole kweli. Alimwona Rula na daftari, akaliomba, akalilinganisha na mchoro aliokuja nao. Vipimo vilikubaliana hadi nati ya mwisho.

"Kazi nzuri sana. Nani amepima?"

"Mimi," Rula alisema.

"Basi hili litatusaidia."

Likawasaidia. Daftari liliambatishwa kwenye ripoti kama uthibitisho kwamba daraja lilijengwa sawasawa na mchoro, na picha za wakaguzi wakiwa juu yake zikatoka gazetini. Ombi la kujengewa daraja, lililokuwa kwenye orodha ya idara kwa miaka mingi, likaondolewa, kwa kuwa daraja lilikuwepo na lilikuwa limepimwa.

Siku gazeti lilipofika mtaani, mama alilisoma jikoni hadi chakula kilipoiva.

"Umeona?" alisema. "Ukienda kule ndio utakaa na hao."

"Ndiyo."

"Na ukiwa kama wao?"

Rula alifikiri kama alivyofikiri siku zote, bila haraka. "Wale hawakupima, mama. Waliazima vipimo vyangu."

Mama alimpakulia, akajipakulia, akakaa. Kisha alisema kwamba ule mwandiko wake wa kurasa mbili ulikuwa mbaya, kwa sababu alikuwa anatembea, na kwamba anatumaini kule ofisini wameweza kuusoma.

Siku ya mwisho ya dirisha, Rula alirudi steshenari. Kwenye nafasi ya kwanza aliandika uhandisi ujenzi, katika chuo kile cha mbali chenye mabweni yanayovuja. Karani alimwuliza kama ana uhakika. Alisema anao. Karani akabonyeza kitufe, mashine ikatoa risiti yenye namba ndefu, na Rula akaikagua tarakimu moja moja kabla ya kuiweka kwenye bahasha.

Aliitwa chuoni. Safari iliangukia Jumamosi, kiangazi kikiwa kimeshika na mto umepungua hadi kiunoni. Jumamosi daraja halikuwa likija. Mama alimsindikiza hadi ukingoni, akamkazia kilemba, akamrekebishia ukosi ambao haukuwa na kasoro. Rula alikunja sketi, akavua viatu na kuvishika mkononi, akajitwika sanduku la bati, akaingia majini. Chini kulikuwa na mawe yanayoteleza, na mara moja alizama hadi kifuani. Ng'ambo alitua sanduku, akageuka. Mama alikuwa bado amesimama palepale, na mkono aliokuwa akiupunga ulikuwa mdogo kwa umbali wa mita arobaini na sita.

Dereva wa teksi ya stendi alimtazama akikamua sketi.

"Mbona umelowa hivyo, dada? Si mna daraja? Nililiona gazetini."

"Tunalo," Rula alisema. "Leo ni Jumamosi."

Dereva alitikisa kichwa kukubali, akafungua buti ya gari, akatandika gunia ili sanduku lisilowanishe.