Migomba Iliyokaribishwa Dar

Wewe uliyekaa hapo, nakutegea hiki: anazaa mara moja tu maishani, akishazaa anakatwa, na watoto wake wamesimama palepale wanatazama, wala halii mtu. Umeshindwa? Basi nipe mji. Nipe Dodoma, maana tutapita huko, na nitakurudishia ukiwa mzima. Jibu lake ni mgomba.

Anastasia alikuwa na migomba arobaini na mmoja nyuma ya nyumba ya wazazi wake, kwenye vilima vya Muleba. Asubuhi ya Jumamosi aliyohama alifagia uwanja kama siku zote, akamwagia mashina maji ya kuoshea vyombo, akafunga nguo zake kwenye kitenge na sufuria mbili kwenye ndoo. Mdogo wake, Yuliana, mwalimu mstaafu wa Mwananyamala, alikuwa amekuja kumchukua. Binti wa Yuliana, Avelina, alishakaa kwenye usukani wa gari lake, Noah, akipiga honi kidogokidogo, kwa adabu.

Anastasia aliwaaga majirani mmojammoja. "Haya, mie ndo naenda. Karibuni Dar." Nao wakajibu, "Tutakuja," kama watu wanavyojibu, na hakuna aliyekwenda kufunga mzigo. Kisha akazunguka nyuma akaiaga na migomba, kwa sababu alikuwa ameishi nayo miaka arobaini na kuondoka kimya kungekuwa utovu wa adabu. Alishika kila shina. "Karibuni Dar," aliiambia.

Walipofika kwenye lami Avelina akatazama kioo.

"Mama mkubwa, migomba yako inakuja."

"Wanakuja," Anastasia alimsahihisha. "Nimewakaribisha mwenyewe. Washa indiketa waone tunakata wapi."

Avelina akawasha indiketa. Migomba ilikuwa pembeni mwa barabara, imejipanga mstari mmoja, hatua hamsini nyuma ya gari. Hakuna aliyeiona ikikimbia. Gari likienda themanini ilikuwa hatua hamsini nyuma, na likienda hamsini kwenye vijiji ilikuwa hatua hamsini nyuma vilevile.

Kuhama kwenyewe hakukuwa kwa kupenda. Kaka yao alipofariki, siku ya kumaliza matanga ukoo ulikaa kikao, na karatasi ikazungushwa ya kutia sahihi. Wengi walidhani ni mahudhurio. Ilikuwa muhtasari, na muhtasari ulisema shamba la wazazi ni la Leodegar, mtoto wa kiume wa marehemu, na kwamba Anastasia, aliyewauguza baba na mama mpaka akawazika, "atahifadhiwa na ndugu." Sasa Leodegar alikuwa amepata mnunuzi. Alikuja kumwonyesha Anastasia karatasi, akaanza kwa shikamoo shangazi, na hakuinua sauti hata mara moja. Sahihi zilikuwa kumi na tatu. Ya kumi na moja ilikuwa ya Yuliana, herufi zimenyooka kama ubaoni.

Kwa hiyo gari lilipokuwa bado linateremka kilima, Anastasia aliuliza. Aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza kama chumvi imetiwa.

"Yuli, ile karatasi uliisoma kabla ya kutia sahihi?"

Yuliana aligeukia dirisha la upande wa ziwa. Ziwa lilikuwa jeupe siku ile, limetulia, na visiwa vyake vimekaa mbali kama mbuzi waliolala. Alilitazama mpaka likaisha.

Anastasia hakuuliza tena. Aliona swali kama lile huulizwa mara moja tu, likirudiwa linakuwa ugomvi. Lakini alijua kwamba bila jibu lake hataweza kufungua kitenge chake katika nyumba ya mdogo wake. Atakaa humo kama abiria.

Wakapita msitu wa Biharamulo, wakapita majaruba ya mpunga ya Kahama, wakalala Nzega. Njia nzima Yuliana alimhudumia dada yake kama mtoto. Alimmenyea karanga, alimfunika magoti kwa khanga, alimsimamisha Avelina kila palipokuwa na choo safi. Kwamba alimpenda, hilo halikuwa na shaka. Mumewe alipofariki, miaka kumi na moja iliyopita, alianza kupiga simu kila Jumapili baada ya misa. Njoo tukae wote, dada. Na Anastasia alikuwa akimjibu kila Jumapili kwamba hawezi, majani makavu yatajaa shambani.

"Kitendawili," Anastasia alisema walipokuwa wanakata mbuga ya Wembere, ambako ardhi imelala bapa mpaka jicho linachoka.

"Tega," alisema Avelina.

"Nikienda anaenda, nikisimama anasimama, wala hajui ninakokwenda."

"Kivuli!"

"Kivuli anajua, huwa anatangulia. Ni dereva wangu."

Avelina alicheka mpaka akashusha gia. Hata Yuliana alicheka, kisha akakumbuka, akarudi kumenya karanga.

Walipomaliza kupanda mlima Sekenke na kuingia Singida, kwenye alizeti iliyogeuza nyuso zote upande mmoja, askari wa usalama barabarani aliwapungia mkono. Alikuwa mwanamke mnene, sare nyeupe imepigwa pasi ikapigika.

"Shikamooni. Dereva, hii migomba ya nani?"

"Ya mama mkubwa."

"Ina kibali cha kusafirisha mazao?"

"Hawasafirishwi, mwanangu," alisema Anastasia kupitia dirishani. "Wanatembea."

Askari alitembea mpaka mwisho wa mstari akaangalia chini, kwenye mizizi, akarudi. "Kweli wanatembea," alisema. "Sasa mbona wanatembea kushoto? Mwenda kwa miguu anatembea kulia, aangaliane na magari. Watakuja kugongwa hawa." Akasimamisha malori ya pande zote mbili, migomba ikavuka taratibu, wa mwisho akiwa mwenye mkungu uliokomaa, maana mzigo ulimwelemea. Askari aliandika kwenye daftari lake: waenda kwa miguu arobaini na mmoja, wameelimishwa.

Dodoma waliingia alasiri wakapata nyumba ya wageni yenye uwanja. Mwenye nyumba hakukataa, alisema tu wasisimame karibu na matanki. Kulikuwa na jua la kukaanga. Baada ya muda mfupi wapangaji wote walikuwa wametoa viti wakaketi chini ya migomba, na mmoja aliyekuja mjini kufuatilia uhamisho wake alisema hajakaa kivulini hivyo tangu mwezi wa nne.

Kesho yake asubuhi Avelina aliwapeleka katika ofisi moja ya ardhi yenye viyoyozi, maana makao makuu ya serikali yako huko na yeye aliamini mambo husikilizwa makao makuu. Karani aliyewapokea aliitwa Gibson. Alikuwa kijana mpole, aliwavutia viti, akaisoma nakala ya muhtasari mstari kwa mstari.

"Uko sawa," alisema. "Wajumbe kumi na watatu, sahihi kumi na tatu."

"Lakini shamba limehama, baba," alisema Anastasia. "Liko hapo nje."

Gibson alikwenda dirishani. Migomba ilikuwa imejipanga chini ya kibao cha maegesho ya watumishi. Aliitazama vizuri, kwa heshima, akarudi kukaa.

"Nimewaona, bibi. Wamependeza. Ila sisi hatuandikishi migomba, tunaandikisha ardhi, na ardhi imebaki palepale." Akaigeuza karatasi. "Njia ipo moja. Kama kuna aliyetia sahihi akidhani anaandika mahudhurio, aende akaape kwamba hakusoma. Hapo muhtasari unaweza kupingwa."

"Mama huyu hapa!" Avelina alidakia. "Hakusoma. Alikuwa anakimbilia basi."

"Aseme mwenyewe," alisema Gibson.

Wote watatu wakamtazama Yuliana. Alifungua mkoba, akatoa leso, akairudisha, akafunga mkoba.

"Tutachelewa barabarani," alisema.

Ndani ya gari Avelina alianza kufoka. "Mama! Neno moja tu! Sikusoma, basi! Hilo nalo gumu?"

"Mwache," alisema Anastasia. "Tazama mbele."

Akatazama mbele. Anastasia naye alitazama nje, akiwaza jambo alilolijua kuhusu mdogo wake tangu wakiwa watoto: Yuliana alisomaga kila kitu. Alisoma kiberiti, alisoma gunia la mbolea, alisoma gazeti lililofungiwa dagaa mpaka mafuta yalipoanzia. Alifundisha darasa la kwanza kusoma miaka thelathini na minne. Lakini hata mtu wa namna hiyo anaweza siku moja kukimbilia basi. Anastasia aliomba iwe hivyo, halafu akaona aibu kuomba, kwa sababu alichotaka ni jibu, si jibu fulani.

Gairo kulikuwa na ukungu na kabeji. Milima ya Uluguru ilipojitokeza, bluu juu ya bluu, na kijito kikikatiza chini ya daraja, migomba ilisimama yenyewe kunywa, na gari likaisubiri. Yuliana alishuka, akajaza chupa, akambeba mwenye mkungu kwa bega mpaka kwenye lami, mzee wa miaka sitini na tisa, viatu vimelowa.

"Asante," Anastasia alimwambia.

"Si kitu, dada," alijibu Yuliana, na hakumtazama.

Dar migomba ilisubiri taa za Kimara pamoja na bodaboda, ikakatazwa njia ya mabasi ya mwendokasi, ikatii. Mwananyamala, uwanja wa Yuliana ulikuwa hatua tano kwa nne. Wengine walisimama uwanjani, wengine uchochoroni, wawili juu ya mfuniko wa shimo la maji machafu. Jirani, Bi Bahiya, ambaye babu yake ndiye aliyefungua duka la pale kona, alitoka na baibui lake mkononi.

"Karibuni jamani. Ndo hawa?"

"Ndo hawa," alisema Anastasia.

"Wengi. Mjumbe wa mtaa ameshawaandika? Yule bwana hataki wageni wa kimyakimya." Akawahesabu kwa kidole. "Sita waje kwangu, ukuta wangu unachomwa na jua mpaka mchele unatoa jasho. Na wewe mwalimu, mbona umenuna kama umelishwa shubiri? Si ndo dada uliyekuwa unamlilia kila siku dukani kwangu?"

"Ndiye," alisema Yuliana.

Siku tatu zikapita. Migomba haikuzamisha mizizi. Ilisimama juu ya mizizi yake kama mgeni ambaye hajavua viatu, na siku ya tatu majani yakaanza kuning'inia. Kitenge cha Anastasia kilikuwa bado kimefungwa, kwenye kiti, karibu na mlango.

Leodegar alipiga simu. "Shikamoo shangazi. Mmefika salama? Huku shamba limebaki jeupe, kama uwanja wa mpira."

"Tumefika salama."

"Nilikuwa na wasiwasi mnunuzi atalalamika. Kumbe amefurahi! Anajenga kituo cha mafuta, anasema kazi ya kung'oa visiki imekwisha. Analipa Jumatatu. Migomba isalimie."

"Watasalimiwa," alisema Anastasia.

Jioni hiyo, jua likiwa bado kwenye mabati, dada hao wawili walikaa kwenye kizingiti cha nyuma wakimenya ndizi. Mwenye mkungu alikuwa ameuinamisha mwenyewe ili waukate bila ngazi. Walijipaka mafuta mikononi utomvu usiwashike, wakawa wanamenya mwendo mmoja, kama walivyofundishwa na mama yao, ganda linatoka na kisu hakigusi nyama. Avelina alikuja kutoka kazini na karatasi kwenye bahasha.

"Wakili ameandika kiapo," alisema. "Mistari minne. Mama, unatia sahihi leo, kesho naipeleka, mauzo yanasimama. Kesho kutwa ni Jumamosi, tukichelewa basi tena." Akaiweka juu ya stuli kati yao, kalamu juu yake.

Yuliana alifuta mikono kwa sketi. Aliichukua karatasi. Aliisoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne, midomo ikicheza, kidole kikifuata chini ya maneno kama alivyowafundisha watoto wa watu. Anastasia aliendelea kumenya. Ndizi iliyomenywa aliisogeza upande wa mdogo wake, kwenye sufuria ya mdogo wake, ijae kwanza.

"Mama, saini," alisema Avelina.

Yuliana aliirudisha kalamu juu ya stuli.

"Niliisoma, dada," alisema. "Niliisoma yote mpaka chini, na jina lako nililiona. Nilijua ukibaki na shamba hutakuja kwangu."