Nusu ya Nyuma

Kila alipomaliza kazi, Bampa alimwita baba yake kwa mkono aje agonge. Mzee alikuwa na nyundo yake ya mpira, ya mpini mfupi, imeliwa upande mmoja, na nyundo hiyo hakumwazima mtu. Aliinuka kwenye kiti chake cha kukunja, akajikokota mpaka ilipo boti, akainama, akagonga hapa na pale huku amefumba macho kama mtu anayeonja chumvi. Kisha akatoa hukumu.

"Bado. Kata."

Na Bampa, bintiye, akawasha grenda ya kukatia.

Boti yenyewe ilikuwa ya faiba, ya kuvulia samaki, na ilikuwa imelala uani juu ya matairi mabovu tangu mzee alipoacha kazi ya majini. Jua lilikuwa limeichubua rangi, mvua zimeingia zikakaa, na kuku walishaamua kwamba chini ya kiti cha mbele ndiyo hospitali yao ya uzazi. Mzee mwenyewe waliendelea kumwita Nahodha, hata majirani waliohamia juzi ambao hawakuwahi kumwona amekanyaga maji yaliyozidi ya kuogea.

Watoto wake walikuwa wawili. Mkubwa alikuwa dalali wa vyumba, na watu walimwita hivyo hivyo, Dalali, mtu asiyeweza kutazama uwanja mtupu bila kuona kuta. Pale uani aliona vyumba viwili vya kupangisha. Tayari alishapata mteja wa boti, mwenye baa mmoja aliyetaka kuiegemeza ukutani iwe kaunta ya vinywaji. Mdogo ndiye huyo Bampa. Alifanya kazi kwenye karakana nyuma ya kituo cha mafuta, kuziba bampa za magari zilizopasuka, na jina likamganda. Alikuwa amechoka kuziba makosa ya madereva wa watu. Alitaka boti ile itembee, avue nayo mwenyewe, aamke asubuhi bila kuamriwa na mtu.

Na kulikuwa na jingine, ambalo hakulisema hata kwa shoga yake. Nahodha alimchukua Dalali baharini tangu akiwa mdogo, akamfundisha, akamsifu, mpaka Dalali mwenyewe akakinai na kutapika na kukataa. Binti hakuchukuliwa hata mara moja. Aliyoyajua kuhusu boti aliyasikia mlangoni, wakati baba akimfundisha mtu ambaye hataki. Kwa hiyo ndugu walipoanza kugombania ile boti na mzee akaamua kesi, Bampa aliona kama ameokota dhahabu.

"Faiba nzima ukiigonga inalia kavu," mzee alimwambia Dalali siku hiyo. "Iliyooza inajibu kama mtu mwenye mafua. Huyu ataitengeneza, mimi nitagonga. Siku nikisema safi, boti ni yake. Jumapili ya mwisho kabla ya mvua, nikigonga sijaridhika, uza."

Neno la Nahodha katika nyumba ile halikuwa na rufaa. Dalali alinuna, lakini akakubali.

Kazi kubwa ilikuwa ubao wa nyuma, pale injini inapofungwa. Nje ni faiba, ndani ni plaiwudi, na maji yakiingia humo hayatoki. Alipoupasua mara ya kwanza, mbao zilitoka kwa mkono, nyeusi, zinachuruzika kama majani ya chai yaliyokamuliwa. Hapo mzee alikuwa amesema kweli, hakuna ubishi. Bampa akaweka plaiwudi mpya, akaifunika kwa mikeka ya faiba, tabaka juu ya tabaka, akaimwagia rezini, ile gundi inayoganda ikawa ngumu, akaikandamiza kwa rola mpaka viputo vyote vya hewa vikatoka. Vumbi la faiba lilimwingia shingoni, kwapani, mpaka kwenye kope. Usiku alilala amenyoosha mikono nje ya shuka kwa muwasho. Asubuhi akaomba agongewe.

"Bado. Kata."

Akakata. Akaanza upya na plaiwudi nyingine, mikeka mingine, rezini nyingine iliyokula mshahara wake. Akamwita tena.

"Bado. Kata."

"Wapi, Baba? Nionyeshe wapi," alisema kupitia barakoa yake, ile nene yenye vichujio viwili mashavuni. Kazi ya faiba bila barakoa ni kujichimbia kaburi, na Bampa aliivaa tangu anaingia uani mpaka anatoka.

Mzee alimtazama, akarudi kwenye kiti. "Hii si bampa," alisema, na Dalali aliyekuwa dirishani akacheka mpaka akakohoa.

Basi akakata. Kilichomuuma si jasho. Kilimuuma kile kimya cha mzee, jinsi alivyouliza hili na lile, akaomba ushauri, akatania, akabembeleza, na asijibiwe ila kwa maneno yale mawili. Na Dalali akija na kusimama mbele ya baba yake, ana kwa ana, kwa lile domo lake la kunadi vyumba, mzee anajibu vizuri tu, wanaongea mpaka chai inapoa. Bampa aliona wazi kwamba mzee hamtaki.

Wiki ya mwisho ilikuwa ya joto kali na yeye alikuwa na haraka. Akachanganya rezini kwenye ndoo, akazidisha dawa ya kukazia, akaiweka chini nyuma ya kiti cha mzee, kivulini, akaenda kukata mikeka. Rezini ikizidishiwa dawa hupata homa yenyewe. Alipogeuka, ndoo ilikuwa inafuka moshi mweupe, plastiki imeanza kulegea, na turubai kavu limelala kando yake.

"Baba! Baba, toka hapo! Moto!"

Mzee alikuwa anamenya chungwa. Akaendelea kumenya.

"Babaaa!"

Ganda lilikuwa linashuka refu, bila kukatika, na mzee alionekana kufurahia hilo. Bampa aliruka, akaipiga ndoo teke mpaka ukutani, na kiti kilipotikisika ndipo mzee akashtuka.

"Una nini wewe? Mbona unakimbiakimbia?"

Bampa akavua barakoa ili amweleze, na hapo akaona macho ya mzee yanapokwenda. Hayakumtazama machoni. Yalishuka mdomoni yakatulia hapo, yakisubiri. Akamweleza habari ya ndoo, mzee akaitikia, akasema aangalie siku nyingine. Kisha binti akamgeuzia mgongo na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba, nyumba inaungua." Nyuma yake alisikia mzee akifyonza chungwa.

Alikwenda nyuma ya uzio, kwenye lundo la takataka, akafukua vipande alivyovikata. Cha mara ya pili kilikuwa kikavu, plaiwudi ya manjano, imeshikana na faiba huwezi kuitenganisha hata kwa patasi. Cha mara ya tatu hivyo hivyo. Alikuwa amekata vitu vizima kwa amri ya mtu asiyesikia hata nyundo yake mwenyewe. Mtu asiyesikia atasemaje safi? Akikosea, kuna mtu atazama na jina lake litazama naye. Kusema "bado" hakuna hasara, isipokuwa kwa anayekata.

Angeweza kuyamaliza. Angekaa mbele yake jioni moja, mdomo wazi, amwambie taratibu, Baba, najua, wala sitamwambia mtu, wewe Jumapili gonga useme safi. Mzee angekubali, tena angeshukuru. Wazo hilo lilimjia na akalijua kuwa ni zuri. Lakini alikuwa na mwaka mzima wa vumbi kifuani, na hasira yake haikutaka mapatano. Ilitaka watazamaji.

Jumapili watazamaji walikuja. Dalali alifika na mwenye baa, mtu mnene mwenye adabu, aliyemwamkia Nahodha kwa mikono miwili. Majirani wawili watatu wakaegemea uzio. Ubao wa nyuma ulikuwa umekamilika kwa mara ya tatu, umepigwa msasa mpaka unateleza. Mzee alikuwa amevaa shati la kupigwa pasi. Akainuka na nyundo yake.

Bampa akavaa barakoa.

"Ngoja kwanza, Baba," alisema. "Kabla hujagonga. Leo mvua itanyesha?"

Mzee aliona watu wanamtazama, akajua ameulizwa jambo. Akagonga ubao haraka, akafumba macho.

"Bado," alisema. "Kata."

Jirani mmoja akatabasamu, akidhani ni mzaha wa nyumbani. Dalali akakunja uso.

"Baba," binti akasema, kwa sauti ya juu zaidi, "wewe ni punda?"

"Bado."

Hapo kicheko kikatoka. Mwenye baa alijaribu kukizuia, kikampitia puani. Mzee akatazama huku na huku, akaona meno ya watu, akacheka na yeye kidogo ili asibaki peke yake. Bampa aliona hilo. Aliona mkono wa mzee ukitafuta mgongo wa kiti. Bado hakuacha.

"Nikufunge kamba nikupeleke malishoni, Baba?"

"Kata," mzee alisema, bado anatabasamu. "Kata."

"Mnaona?" Bampa aliwageukia. "Hasikii kitu! Kiziwi! Mwaka mzima ananikatisha mbao nzima, kiziwi! Gongeni wenyewe msikie!"

Mwenye baa akagonga kwa kifundo cha kidole. Ubao ulilia kavu, kila mtu akasikia, kasoro mmoja.

Dalali hakugonga. Alikuwa anamtazama baba yake kama anavyotazama uwanja mtupu.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Nani ajuaye? Muda mrefu."

"Basi imekwisha, mdogo wangu. Mtu asiyeona aibu kutukanwa kwa sababu hajui ametukanwa, ndiye ataamua boti iende wapi?" Akajifuta uso. "Mimi nilikuwa naliheshimu neno lake. Wallahi nilikuwa naliheshimu. Angesema safi, ningekuachia. Lakini umenionyesha mwenyewe kwamba neno halipo. Kuanzia leo mambo ya nyumba hii nashika mimi."

"Ubao ni mzima! Umeusikia!"

"Nimeusikia. Mimi sikuahidi kitu. Aliyeahidi ni huyu." Akamgeukia mwenye baa. "Pakia."

Mwenye baa alikuwa amekwisha kuipima boti kwa hatua. Alikohoa kwa adabu. Alisema kwa kweli yeye anahitaji nusu ya mbele tu, ile iliyochongoka, ndiyo inayopendeza ukutani. Huku nyuma kungemjazia nafasi bure. Kama kuna grenda hapo karibu, wangeikata sasa hivi.

Grenda ilikuwepo. Dalali aliishika vibaya, lakini ilikata. Vumbi jeupe likapanda likafunika uani, majirani wakaondoka wakijifuta macho, na kuku wakahama. Bampa alisimama na barakoa yake usoni, hakusaidia, hakuzuia. Walipomaliza, waliinua nusu ya mbele kwenye pikapu wakaifunga kamba. Nusu ya nyuma ilibaki juu ya matairi, wazi upande mmoja, na ule ubao wake ukiwa umesimama wima, mzuri, haufai kwa lolote duniani.

Mzee alikuwa amerudi kitini. Shati lake lilikuwa jeupe kwa vumbi. Alingoja pikapu iondoke, kisha akamwita binti kwa kiganja, kama anavyoitwa mtoto.

Bampa akaja akachuchumaa mbele yake. Akashusha barakoa mpaka kidevuni.

"Pale mwanzo," mzee alisema polepole, "ulisema nini? Wote walicheka."

Macho yake yalishuka mdomoni mwa binti yakatulia hapo. Yalikuwa na maji, huenda ni ya vumbi. Bampa alifungua mdomo. Mzee akasogeza kichwa mbele ili asipitwe na kitu.

Bampa akaivuta barakoa juu, ikafunika pua na mdomo, ndipo akajibu.

"Nilikuita punda mbele za watu," alisema. "Na boti nimeiua mimi, kwa mdomo wangu."

Mzee alimtazama machoni. Alingoja mpaka akaona mabega ya binti yameshuka, akajua sasa amemaliza kusema. Akanyoosha mkono kwenye ubao wa nyuma, akaupapasa kutoka pembe hii mpaka pembe ile. Hakutumia nyundo.

"Safi," alisema. "Safi kabisa, mwanangu."